Sabuni Wetu Wote Wamechanjwa

Afisa mikopo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa tena, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hawa sabuni wako wanalala wapi?"

Nikamjibu bila wasiwasi: "Kwenye rafu, mama. Chumba cha nyuma, penye hewa."

Akaandika kitu pembeni ya karatasi. Mimi nikakaa vizuri kitini, nikijua mambo yanakwenda.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana ukilisikia swali hilo bila chanzo chake utadhani yule mama ndiye aliyekuwa na matatizo.

Mimi natengeneza sabuni za kuogea, nyumbani, kwa mikono. Unayeyusha kostiki soda kwenye maji (soda ndiyo inayoingia kwenye maji, ukimimina maji juu ya soda, inachemka na kukurukia usoni), unachanganya na mafuta, unakoroga mpaka uzito uwe kama uji, unamimina kwenye kalibu. Baada ya siku 1 au 2 unakata vipande. Halafu unasubiri. Sabuni ya namna hii hukaa wiki 4 hadi 6 ndipo ikomae na kuwa ngumu. Nilikuwa na kalibu 2 tu, kila moja ya vipande 12, na nilitaka mkopo mdogo niongeze kalibu na kifaa cha kukatia. Wakopeshaji wakaniambia: sawa, lete mchanganuo wa biashara.

Walinipa wiki 3. Wiki ya kwanza nilitafuta jina la biashara. Wiki ya pili nilichora nembo, kisha nikaifuta, nikachora nyingine iliyofanana na ile ya kwanza. Wiki ya tatu nilipumzika, maana kazi ya nembo inachosha. Jumapili usiku, mchanganuo ukitakiwa Jumatatu saa 3 asubuhi, nilikuwa na ukurasa mmoja wenye neno "Utangulizi" lililopigiwa mstari mara mbili.

Nikampigia simu shemeji.

Shemeji ni mfugaji wa kuku. Ana banda, ana mashine ya kutotolea vifaranga, na mwaka uliopita alimlipa mtaalamu akamwandikia mchanganuo wa kurasa 31, wenye yaliyomo, majedwali na rangi. Alikuja mwenyewe na flashi mkononi. "Shemeji, nakala ni hii moja tu duniani," akasema. "Kompyuta yangu iliungua. Soma uone mpangilio, halafu unirudishie."

Nikaisoma, na niseme kweli, ulikuwa mchanganuo mzuri. Muhtasari ulikuwa mbele ingawa kila anayejua kazi hii huuandika mwisho. Maelezo ya biashara, soko, washindani, uendeshaji, usimamizi, vitisho na fursa, makadirio ya fedha: kila kitu mahali pake. Nikawaza: hivi kuku na sabuni vinatofautiana wapi hasa? Vyote vinazalishwa, vyote vinauzwa. Kwa nini nianze kuandika upya jambo ambalo mtu amelipwa kuliandika?

Kuna amri kwenye kompyuta ya kutafuta neno na kulibadilisha. Nikaandika juu: kuku. Nikaandika chini: sabuni. Nikabonyeza "badilisha yote". Kompyuta ikafikiri kwa nusu sekunde, ikaniambia: mabadiliko 214 yamefanyika. Nikaweka jina langu kwenye jalada, nikahifadhi, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Sikusoma tena. Ningesoma ya nini wakati nilikuwa nimeshausoma?

Sasa, lugha yetu ina mtego mmoja ambao waliobuni amri ile hawakuwahi kuufikiria. Neno "kuku" halikai bandani tu. Limejificha ndani ya maneno chungu nzima: kukua, kukuza, kukusanya, kukutana, kukubali, kukumbuka. Nilipofyeka kuku, nilifyeka kila mahali.

Tukarudi kwa afisa mikopo. Aliposikia habari za rafu, akafungua ukurasa wa pili.

"Hapa umeandika, 'Lengo la mradi ni sabuniza kipato cha familia na sabunisanya mtaji.' Sabunisanya ni nini?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake ile sauti ya kiburi iliyo ndani ya kila mtu mwenye nembo ikajibu: "Ni istilahi ya fani yetu, mama. Ni ile hali ya... kusanya, lakini kwa njia ya sabuni."

"Aha," akasema. "Na hapa, 'Tuko tayari sabunitana na wataalamu na sabunibali ushauri wao'?"

"Hiyo pia."

Akageuza kurasa. Nilianza kusikia shingo ikipata joto. Akasoma polepole, kwa sauti, kama anayesoma wosia:

"'Sabuni wetu wote wamechanjwa dhidi ya kideri. Sabuni atakayeonekana amezubaa, ameshusha mabawa au anaharisha, atatengwa na wenzake mara moja.'"

Nikanyamaza.

"'Sabuni huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Katika kundi la kutotolesha tutaweka jogoo 1 kwa kila sabuni 10.'" Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, huyo jogoo anafanya nini na hizo sabuni?"

Hapo ndipo akili ilipofunguka, na yote ikaniingia kwa mkupuo: kurasa 31, mabadiliko 214, usingizi wangu mtamu. Nilitamani sakafu inimeze. Kijana aliyekuwa meza ya jirani alikuwa ameacha kuandika na ameshika mdomo kwa viganja viwili, mabega yanamtikisika.

Mama yule hakucheka. Ni afadhali angecheka. Aliendelea kusoma kwa heshima zote, kana kwamba ana wajibu wa kisheria kwa kila sentensi. Kwenye vitisho vya biashara tulikuwa na mwewe, kicheche na wezi wa usiku, na mkakati wetu ulikuwa kuwafungia sabuni kabla jua halijazama. Kwenye mikakati ya soko tulikuwa tunauza sabuni walio hai na waliochinjwa. Kwenye ukurasa wa 19 palikuwa na sabuni aliyeatamia siku 21. Ukurasa wa mwisho ulimalizika kwa adabu kubwa: "Tungependa sabunihakikishia kwamba biashara hii itaendelea sabunia, na tunatanguliza sabunishukuru."

"Kuna sentensi moja tu nimeielewa," akasema hatimaye. Akaipigia mstari kwa kalamu. "Hii ya usafi. 'Kila mfanyakazi atanawa mikono kwa sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20.' Hii ni safi kabisa. Na hii ya chini yake, ya vyombo kusuguliwa kwa sabuni na brashi kila asubuhi. Hapo umeandika kama mtu anayeijua sabuni."

Nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru. Mtu anayezama hachagui kamba.

Nilidhani ataniambia niondoke, kumbe alikuwa anaifikia ile sehemu aliyoipenda yeye: hesabu. Jedwali la mauzo nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe kwenye Excel, na kwa hilo nilikuwa na fahari, maana halikuwa na kuku hata mmoja. Nilianza na vipande 200 mwezi wa kwanza. Ukuaji niliuchukua kwa shemeji, asilimia 20. Tofauti ni kwamba shemeji aliiweka kwa mwaka, mimi nikaishika ile seli nikaiburuza mwezi kwa mwezi, miezi 36. Kwenye skrini ule mstari ulipanda vizuri sana. Nilikuwa nimeupaka kijani.

"Mwezi wa 36 utauza vipande 118,134," akasema.

"Kwa neema ya Mungu."

Akachukua kikokotoo. "Hivyo ni karibu vipande 4,000 kwa siku, Jumapili ikiwemo. Kila kipande gramu ngapi?"

"Mia moja."

"Basi kwa mwezi ni tani 11 na ushee. Chumba hicho cha nyuma kina ukubwa gani?"

Kina dirisha moja. Sikuona sababu ya kulitaja.

Akageuza karatasi yangu, akaanza kuandika nyuma yake, upande usio na sabuni wanaotaga. Andika gharama unazolipa kila mwezi hata usipouza kitu, akasema: pango, umeme, simu, marejesho ya mkopo. Haya. Sasa bei ya kipande kimoja, ondoa gharama ya mafuta, soda na karatasi ya kufungia. Hicho kinachobaki kwenye kila kipande ndicho kinacholipia zile gharama za mwanzo. Gawanya. Nikagawanya. Ikaja 410. Maana yake, kabla ya kipande cha 410 kwa mwezi, sina faida hata ya kununulia kalamu.

"Na uwezo wako wa kuzalisha ni upi?"

Kalibu 2, vipande 24, kila baada ya siku 2. Mara 15 kwa mwezi. Nikapiga hesabu, nikapiga tena, maana niliona kalamu inanionea. Vipande 360. Yaani hata nikifanya kazi bila kuugua, bila msiba, bila kulala, na kila kipande kikanunuliwa, nilikuwa natengeneza hasara kwa bidii.

"Na mauzo ya mwezi wa kwanza, hivyo vipande 200, vinatoka wapi," akauliza, "ikiwa sabuni ya mwezi wa kwanza inakomaa mwezi wa pili?"

Nilikaa pale kimya. Niliikoroga sabuni hiyo kwa mikono yangu miaka 2, nikasubiri kila mara zile wiki 6, na siku moja haikunipitia kichwani kwamba wiki 6 zile zina pango ndani yake. Shemeji naye kwenye mchanganuo wake alikuwa amelishughulikia jambo hilo vizuri: kuku wake wanakula miezi karibu mitano kabla ya yai la kwanza, na mtaalamu aliweka fungu la kipindi hicho. Lilikuwepo hapo ukurasa wa 24, chini ya kichwa cha habari "Gharama za sabuni kabla hajataga". Ningesoma tu.

Nikarudi nyumbani, nikaandika upya kwa mkono, kurasa 4, neno kwa neno, mchana kweupe. Niliweka miezi 2 ya mwanzo bila mauzo. Nilipunguza ukuaji mpaka ukaona aibu kuitwa ukuaji. Nikaongeza kalibu 2 kwenye ombi na kuacha kile kifaa cha kukatia, maana kisu kinakata. Mama yule aliusoma wote kwa dakika kumi, akauliza maswali mawili, akanipa pungufu ya nilichoomba, na ndicho kilichotosha.

Lakini kulikuwa na ile flashi.

Shemeji alikuwa ameanza kuiulizia. Nikakumbuka kwamba usiku ule nilihifadhi juu ya nakala yake, ile iliyo moja tu duniani. Jasho likanitoka, kisha nikatulia: si ni jambo la kurudisha nyuma? Nikafungua faili, nikafuta jina langu nikarudisha lake. Juu nikaandika: sabuni. Chini: kuku. Badilisha yote. Kompyuta ikasema: mabadiliko 216 yamefanyika.

Nikakumbuka kwamba mara ya kwanza ilisema 214. Nikaona hiyo mashine imezidi kuzeeka, haijui hata kuhesabu. Safari hii nilisoma, jamani, nilisoma! Kurasa 5 za mwanzo, na kila kitu kilikuwa kimerudi: kukuza, kukusanya, kuku wamechanjwa, jogoo na kuku 10. Nikampelekea shemeji flashi yake, nikamshukuru sana.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Alikuwa ananong'ona, na nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wanaojizuia.

"Shemeji, niko nje ya chumba cha kamati ya mikopo. Nimetoka kidogo kama mtu anayetafuta choo. Wamefika ukurasa wa usafi. Naomba uniambie ukweli, mchanganuo wangu uliufanya nini?"

"Kwani umeandikwaje?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "'Kabla ya kuingia bandani, kila mfanyakazi atanawa mikono kwa kuku kwa muda usiopungua sekunde 20.' Na chini yake, 'Vyombo vyote vitasuguliwa kwa kuku na brashi kila asubuhi.'" Akavuta pumzi. "Mwenyekiti ananiuliza kuku mmoja anatosha kunawisha watu wangapi. Nimwambie nini?"

Nikafikiri. Katika mambo yote niliyowahi kuulizwa kuhusu mchanganuo ule, hili ndilo la kwanza nililokuwa na utaalamu nalo.

"Mwambie inategemea maji, shemeji. Maji ya chumvi hayatoi povu."

Akakata simu.