Duara la Kiazi

Mwangaluka ndugu zangu. Jambo ninalotaka kulisema leo nimelibeba muda mrefu, na linaanza na karatasi moja iliyolowa mvua.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi Machi, huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza ninakoishi. Nimesimama kwenye uzio wa mbao, nimeshika karatasi ya matokeo ya binti yangu ya mashindano ya kupanda farasi, nasoma mstari mmoja mara tatu. Duara la mita 20, alama 4.5. Pembeni, kwenye safu ya maoni, jaji kaandika: "Hiki ni kiazi. Tazama unakokwenda, si shingo ya farasi."

Aliyesoma shule ya msingi Mwanza anajua uzito wa neno hilo. Kiazi ni yule anayeshika mkia darasani, anayechekwa akienda ubaoni. Damu ilinipanda. Nilitaka kwenda kugonga dirisha la gari la yule jaji nimuulize mtoto wa miaka 12 kamkosea nini. Binti yangu akainyakua karatasi, akaisoma, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama, ni kweli," akasema. "Nilichelewa kugeuka pale katikati, nikapitiliza. Nimechora kiazi kweli." Jioni aliibandika kwenye mlango wa friji, na Jumamosi iliyofuata alikuwa uwanjani na vibao vinne vya plastiki, kapanga duara lake, anazunguka na kuzunguka. Mimi bado nilikuwa nimenuna.

Kwa ndugu wa Igoma, Nyakato na Kirumba ambao farasi wamemwona kwenye picha tu, niseme kidogo mchezo wenyewe. Unaitwa dresaji. Ni kwata ya farasi. Kwa ngazi za chini uwanja una mita 20 kwa 40, na pembezoni zimepangwa herufi A, K, E, H, C, M, B, F. Jaji anakaa C, kwetu ndani ya gari lake. Unaingia kwa A, unasimama, unasalimu, halafu unafanya ulichopangiwa, hatua kwa hatua: mchakamchaka mpaka herufi hii, duara pale, shoti ya polepole kutoka kona ile. Kila kipande kina alama yake, sifuri mpaka 10. Sita maana yake inaridhisha, nne haitoshi, sifuri hakuna kilichofanyika. Mwisho zinajumlishwa na kugeuzwa asilimia. Valegro, farasi aliyepandwa na Mwingereza Charlotte Dujardin, alipata 94.3 jijini London Desemba 2014, rekodi ya dunia. Kwenye mashindano yetu ya klabu, mwenye 65 anarudi nyumbani akiimba.

Sasa mimi nimeingiaje humo? Mwandiko. Jaji haandiki mwenyewe, kwa sababu akiinamisha macho atakosa kitu, kwa hiyo kila jaji ana mwandishi pembeni yake. Klabu iliuliza mzazi gani ana mwandiko unaosomeka, na mimi walimu wangu wa darasa la pili walinipitisha kwenye herufi za kuunganisha kwa fimbo na chaki mpaka zikakaa. Tangu siku hiyo, miaka minne sasa, karibu kila mwezi nakaa kwenye gari la mtu nisiyemjua, hita imewashwa, waipa zinafuta kioo, kalamu mkononi. Jaji akipiga honi, mpandaji ana sekunde 45 za kuingia. Sheria za mwandishi ni chache na ngumu: andika unachoambiwa, usitoe maoni, usikunje uso, na ukikosea alama jaji aweke sahihi pale palipofutwa.

Nimeandika maneno ya kuchekesha kwa mkono huu. "Kusimama kuzuri, ila ni mita tano mbele ya mahali pake." "Uamuzi huu ulikuwa wa farasi." "Kona hii imekatwa kama mtu anayewahi basi." Mama mmoja ambaye farasi wake alitembea kwa uvivu kupita kiasi aliandikiwa: "Natumaini anayezikwa si mtu unayemfahamu." Nilimwona baadaye akiwasomea wenzake maneno hayo kwa sauti, wote wanafuta machozi ya kicheko, kisha akauliza kwa makini kabisa: ninamwamshaje bila kumpiga mateke?

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Jaji mmoja mzee, mama wa miaka sabini na kitu, kila baada ya farasi kutoka anabaki kimya kidogo kabla ya kunipa maneno ya mwisho ya ukurasa. Siku moja kijana alikuwa na siku mbaya sana: farasi kavuta lijamu muda wote, karuka uzio mdogo wa uwanja, karudishwa, katoka tena. Jaji akaanza kunitamkia sentensi kali. Akanyamaza. Akasema, hapana, futa hiyo, haimpi kitu cha kufanyia kazi Jumatatu. Akaanza upya: "Mikono yako ni mizito anapoogopa, naye anaogopa kwa sababu mikono ni mizito. Legeza hatamu kwanza wewe." Hiyo ilikuwa kali kuliko ile ya kwanza. Lakini kijana alipewa mlango wa kutokea.

Ndugu zangu, mimi nimekua bila kupewa karatasi ya namna hiyo hata siku moja.

Ripoti yangu ya kidato cha pili ilisema hivi: wa 38 kati ya 61, aongeze bidii. Siku ya kufunga shule majina yalisomwa mstarini mbele ya shule nzima, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na Hisabati nilikuwa na 23. Kila mtu alijua namba yangu. Hakuna aliyeniambia sababu yake. Bidii niliongeza, nikasoma na kibatari mpaka pua ikawa nyeusi. Nilikuwa na miaka 31, nikiwa huku, kwenye mafunzo ya kugawa dawa katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, ndipo mwalimu aliponizungushia kalamu kosa langu na kusema: wewe hesabu unazijua, tatizo lako ni sehemu, hasa kuzigawanya. Kosa moja. Miaka kumi na saba nimetembea nalo nikijua mimi ni mjinga wa namba.

Hilo la shule mnaweza kusema ni wingi wa watoto, walimu wachache. Sawa. Basi nije kwa mjomba wangu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo, wa kikundi cha Bagika, kule Kisesa. Wasukuma mnajua, na wasio Wasukuma niwaeleze: kwetu ngoma hushindana pande mbili, Bagika na Bagalu, na Bulabo ndio uwanja mkubwa, mwezi Juni baada ya sikukuu ya Ekaristi, pale Bujora ambako Padri David Clement aliijenga makumbusho. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, mbalimbali kidogo. Jaji ni watu. Umati ukikimbilia huku, huku kumeshinda. Ni hukumu ya haki, siipingi, na sijaona huku Ulaya kitu kinachonipandisha nywele kama umati ule unapogeuka kwa pamoja, vumbi limesimama hewani.

Nilikuwa na miaka 14 umati ulipomgeuka mjomba. Walianza watoto. Wakafuata kina mama wenye miavuli. Alasiri walikuwa wamebaki watu kama hamsini, wengi wao ndugu, na yeye bado anaimba, shingo imesimama mishipa. Jioni alikuja nyumbani, akanawa, akala. Kila aliyeingia alimwambia: "Umejitahidi, mjomba. Pole kwa kazi." Baba alimwambia hivyo. Mimi pia.

Jikoni nilikokuwa nageuza ugali, shangazi zangu walikuwa wanasema mambo mengine kabisa. Kwamba nyimbo ni zilezile za mwaka jana. Kwamba anaanza juu mno, ikifika saa tisa sauti imekwisha. Kwamba vijana wake wanaocheza na majembe hawayatupi juu kwa pamoja, wa kushoto anachelewa. Walijua kila kitu! Wangekuwa na karatasi wangejaza safu zote. Na hakuna hata mmoja aliyevuka ule ua wa hatua kumi kwenda kumwambia mwenye mwili, kwa sababu utamwambiaje mtu mzima, kaka mkubwa, jambo kama hilo? Ni kumvunjia heshima.

Basi mjomba akatafuta sababu mwenyewe. Akaona wenzake wana dawa ya kuvuta watu. Akauza ng'ombe wawili akaenda kwa mganga mbali huko upande wa Shinyanga. Mwaka uliofuata akarudi uwanjani na dawa, na nyimbo zilezile, na akaanza juu vilevile. Alifariki mwaka 2011 akiamini kuna mtu alimfunga.

Nasema wazi: hatukumheshimu. Tulimwogopa, tukaiita woga wetu heshima, naye akalipa ng'ombe wawili kwa kitu ambacho shangazi angempa bure kwa dakika moja.

Najua kuna mtakaosema, huyu kakaa kwa Wazungu sasa anatuambia wao ndio wakweli. Sisemi hivyo, kwa sababu si kweli. Mzungu wa huku kwenye maisha ya kawaida anaficha kuliko shangazi zangu. Msimamizi wangu kazini akisema "wazo hilo linavutia" maana yake halitafanyika. Jirani anaweza kukasirishwa na redio yako miaka mitatu, anakusalimu kila asubuhi, siku moja unapokea barua ya malalamiko kutoka halmashauri. Yule mama jaji mwenyewe, akishuka kwenye gari lake, akikutana na kijana yuleyule kwenye foleni ya chai, anazungumzia mvua tu.

Kinachowafanya waseme ni ile safu. Fomu ina nafasi ya maoni kando ya kila alama, na ukitoa nne bila kuandika sababu mpandaji ana haki ya kukasirika. Mtu akishapewa kazi ya kusema, na mahali pa kusemea, na mwenye kusemwa akaja kwa miguu yake na kulipa kiingilio ili asemwe, ukali unakoma kuwa matusi. Hicho ndicho sisi hatuna. Kwetu ukweli una jikoni, una kibaraza, una daladala ya kurudi nyumbani. Hauna karatasi inayomfikia mwenyewe mkononi. Hata mashindano ya kwaya za parokia, nilikoimba sauti ya pili miaka sita, yalitangazwa jumla tu kwenye kipaza sauti, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na sisi tuliobaki tulirudi kwenye lori tukisema tumeonewa. Pengine tulionewa. Tungejuaje?

Na safu hiyo inaweza kuumiza, sitawadanganya. Mwaka jana nilikaa na jaji aliyeniamuru niandike kwenye karatasi ya mtoto wa kiume, labda miaka kumi: "Tafuta mchezo mwingine." Hakuna duara ndani yake, hakuna mkono, hakuna hatamu. Niliandika, kwa sababu ndiyo sheria. Mwandiko ule mzuri wa darasa la pili. Mtoto sijamwona tena, na mwandiko aliorudi nao nyumbani ni wangu. Tangu hapo najua kipimo changu: neno kali likimwonyesha mtu pa kushika, mpe hata akilia. Lisipomwonyesha, limeze.

Mwezi Juni mwaka huu mtoto wa binamu yangu, kijana wa miaka 19, alinitumia video kwa simu. Wamefufua kikundi cha mjomba, wanacheza bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe, majembe yanapanda juu na jua linayapiga. Chini kaandika: "Shangazi, tumefanyaje?" Nilianza kuandika hongereni sana, mmejitahidi. Vidole vyangu viliandika vyenyewe. Nikafuta. Nikachukua karatasi, nikapiga mistari kwa rula: dakika, alama, maoni. Nikaitazama ile video mara tisa. Kuingia kwa ngoma, 8, mmenitoa machozi. Dakika ya pili, wimbo, 6, anza chini kidogo, utaihitaji sauti baadaye. Dakika ya tatu, kutupa majembe, 4, hamko pamoja, tafuta nani anachelewa. Nikapiga picha nikatuma.

Alama mbili za bluu. Kimya. Siku ya kwanza, siku ya pili. Mama akanipigia kutoka Mwanza kuniuliza nimemwandikia nini mtoto wa watu, mbona hataki kula na wenzake. Nilimwambia nilichoandika, akaguna, akasema mmh, na simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Siku ya tatu usiku, saa tano za huku, ukaja ujumbe wa sauti. Nyuma yake ngoma zinapigwa, watu wanabishana, mtu anahesabu moja, mbili, moja, mbili. Kijana anapumua kama aliyetoka kukimbia. "Shangazi shikamoo. Ile dakika ya tatu. Tumeitazama wote. Unamaanisha wa kushoto au huyu wa nyuma yake?"