Mzee Alikuwa na Kipara, Mngefanyaje?

Mnaocheka chekeni, ila chekeni kilichotokea kwenye mahafali ya shule yetu, si kile anachosambaza yule mpiga ngoma wetu wa bendi. Kwenye simulizi yake nimelia, nimekimbilia choo cha walimu na nimeangusha maua ya meza kuu. Sikulia. Lile lilikuwa jasho, na asiyeamini avae sare ya skauti na soksi za magotini, asimame juani tangu saa nne mpaka saa saba na nusu, halafu aje tuongee. Maua yaliangushwa na mbuzi wa jirani. Simu hii ni ya dada na yuko bafuni, kwa hiyo nikikatika ghafla mjue kilichonikuta.

Mahafali ya kidato cha nne mnayajua. Kadi inasema saa nne, mgeni rasmi anafika wazazi wameshaanza kugeuza shingo kila upepo unapoleta harufu ya pilau. Mimi wa kidato cha tatu ndiye niliyepewa kazi ya kumvisha mgeni skafu. Mnaodhani ni kazi ndogo hamjawahi kufanya ukakamavu. Unatoka mstarini unapiga mguu chini mpaka kisigino kinaita, unasimama, saluti, unaomba ruhusa kwa sauti ya kupasua koo, unamvisha, unampa mkono wa kushoto kama skauti wanavyosalimiana dunia nzima, nyuma geuka, unarudi. Na katikati ya hayo yote hutakiwi kupepesa hata jicho.

Mwalimu wa skauti alininoa wiki nzima nyuma ya maabara. Nikiwa kwenye saluti ananipigia makofi puani. Ananiambia, "Kaptula imechanika!" Anamwita mtu aje kunitekenya. "Skauti hababaiki! Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, amezikwa hapo Nyeri, Kenya, tangu 1941, usimfedheheshe mzee wa watu!" Kufikia Ijumaa ungeweza kuchoma moto nyasi pembeni yangu nisigeuke.

Nikauliza, huyo mgeni nitamjuaje? Nikajibiwa: mzee, kipara, suti ya Kaunda, gari jeupe. Shikeni hayo maneno vizuri, ndiyo utetezi wangu wote.

Maana Ijumaa usiku mzee akapata udhuru, akatuma mwakilishi. Mkuu wa shule alijua. Mshereheshaji alijua. Wapishi walijua. Habari ikatembea shule nzima, ilipofika kwa skauti ikakaa chini kupumzika.

Gari jeupe likaingia. Bendi ikalipuka. Mlango ukafunguka, akashuka mzee mwenye kipara kinachong'aa, suti ya Kaunda rangi ya udongo, imepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata nyanya. Ndiyo, ulikuwa mlango wa dereva. Swali hilo nimeulizwa na kila mtu mpaka muuza barafu wa getini. Jamani, mimi sikuona mlango. Niliona kipara.

Nikatoka mstarini.

Hatua ya kwanza, vumbi. Ya pili, nikasikia mtu nyuma yangu, "Siyo huyo!" Nikasema moyoni, mitego imeanza. Mwalimu wa skauti alikuwa chini ya mwembe, anapunga mikono yote miwili kama mtu anayesimamisha basi la mwisho. Nikasema, leo mwalimu hunipati. Nikaongeza kishindo.

Nikasimama mbele ya mzee. Mkono wa kulia ana funguo, wa kushoto ana kitambaa cha kufutia kioo. Kitambaa cha kufutia kioo, nyie! Nilikiona. Nikajiambia wakubwa wana mambo yao.

Saluti. "MHESHIMIWA MGENI RASMI! Kwa niaba ya skauti wa shule hii, naomba ruhusa nikuvishe skafu, ishara ya upendo, amani na ukarimu!"

Mzee akageuka nyuma kutazama anaambiwa nani. Nyuma yake kulikuwa na gari tu. Akanirudia, akasema taratibu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi dereva."

Hapa ndipo mnaponiona mjinga. Lakini mtu aliyefundishwa wiki nzima asisikie kitu, leo asikie kwa sikio lipi? Nikajibu, na hapa mpiga ngoma hakudanganya hata neno, "ASANTE MHESHIMIWA KWA RUHUSA!"

Nikamvisha. Sasa kile kipete cha kubania skafu tulikikata wenyewe kwenye bomba la maji la plastiki, tukakipaka rangi za bendera, na rangi haikukauka. Kikapanda kwa shida, kikagota njiani. Nikakisukuma kwa vidole gumba vyote viwili mpaka chini ya kidevu. Mzee akakohoa. Nikakisukuma tena kidogo, ukakamavu haufanywi nusu. Kola ya ile suti ikapata alama mbili za njano, dole gumba la kulia na la kushoto, unaweza kunishitaki kwa alama zile.

Nikampa mkono wa kushoto. Akautazama ule mkono. Akanitazama usoni. Nadhani alinionea huruma. Akaniwekea funguo za gari kiganjani, akidhani nimetumwa kuomba lisogezwe kivulini.

Nyuma geuka.

Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi. Amesimama mama mmoja mfupi, kitenge cha heshima, mkoba begani, faili la hotuba mkononi. Mkuu wa shule ameinama mbele yake, mikono ameitanguliza kumpokea, ila shingo imegeukia kwangu. Bendi kimya. Wazazi kimya. Majoho yote ya kidato cha nne yananitazama. Kwenye mahema ya wazazi mtoto mdogo akapiga makofi, peke yake, mpaka mama yake akamshika mikono.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Skafu ya mgeni ilikuwa moja na kipete kiligoma kushuka. Mwalimu akavuta, mzee akasema, "Mwalimu, unaniua." Nikavuliwa skafu yangu, imelowa chapachapa, akavishwa mama wa watu, ambaye alicheka mpaka faili likamponyoka. Wahudumu walikuwa wameambiwa mwenye skafu akae meza kuu, basi dereva naye akakalishwa meza kuu, akaletewa soda na paja la kuku kabla ya mwenyekiti wa bodi. Akala, angefanyaje. Kwenye picha ya pamoja ya wahitimu yupo, katikati.

Na funguo? Saa kumi na moja mgeni anataka kuondoka, gari haliwaki. Mshereheshaji, ambaye Mungu anamwona, akachukua kipaza sauti: "Skauti aliyemvisha dereva skafu, dereva anaomba funguo zake!" Mifuko ya kaptula yangu imetoboka, nilikuwa nimezitumbukiza kwenye soksi, zikateremka mpaka kwenye unyayo. Kwa hiyo ndiyo, yule kijana aliyevua kiatu mbele ya meza kuu ni mimi. Mzee akazifuta funguo kwa kile kitambaa chake cha kioo, akaniambia, "Asante, mheshimiwa."

Jina limeshika. Jumatatu mwalimu wa zamu kaniita hivyo hivyo paredini. Mpiga picha wa pale getini anauza ile ya kipete shilingi elfu mbili, anasema imetoka kuliko za wahitimu wote. Mama kanunua mbili, moja ya ukutani, moja ya kumpelekea bibi.