Polisi jamii: taarifa zinapanda, mrejesho haushuki

Tangu Said Mwema aliposhika uongozi wa Jeshi la Polisi Tanzania mwaka 2006 na kuipigia debe dhana ya polisi jamii, wito umebaki ule ule: ulinzi unaanza na mwananchi. Wito una mashiko. Sungusungu wa Shinyanga na Tabora walijikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwasaka wezi wa ng'ombe bila kungoja mtu kutoka mjini. Na askari mmoja wa kata atajuaje nyumba ipi Mbagala inanunua simu za wizi? Muuza vitumbua anajua, yuko barabarani tangu alfajiri.

Kwa nini basi hasemi? Polisi hujibu kwamba watu wanaficha watoto wao, na kweli, panya road, yale magenge ya vijana wahalifu waliotikisa Dar es Salaam, walikuwa na kwao.

Lakini kwenye mkutano wa mtaa, maswali yakifunguliwa, utasikia: "Tunamkamata, tunampeleka kituoni, kesho asubuhi tunaye hapa, na anajua nani kamchoma." Hapo yamechanganywa mambo mawili. Kutoka kwa dhamana si lazima iwe rushwa. Wizi wa simu una dhamana kisheria, tofauti na unyang'anyi wa kutumia silaha. Hilo lingeelezwa kwa dakika tano tu. Ila jina la mtoa taarifa kuvuja halina utetezi wowote. Likivuja mara moja, mtaa mzima unafunga mdomo.

Wananchi nao si malaika. Vikundi vya ulinzi shirikishi huchangiwa na kaya, pengine bila risiti, na kijana akishapewa kirungu na usiku mzima wa kutawala, hata muuguzi anayetoka zamu anageuka mshukiwa. Wale ambao polisi huwaita "wananchi wenye hasira kali" ndio wabaya zaidi: wanaua mtu na upelelezi pamoja naye, maana maiti haimtaji mnunuzi wa mali ya wizi.

Bado naona mzigo mkubwa ni wa polisi. Mkaguzi wa polisi wa kata arudi mtaani kila mwezi aseme kesi ile imefika mahakamani, ile imefutwa, na kwa nini. Atazomewa mikutano ya mwanzo, avumilie. Na ikijulikana kesi ilikufa kwa sababu aliyeibiwa hakwenda kutoa ushahidi, mtaa nao utakuwa na la kujibu.