Mshauri wa Bustani za Jiji Analipwa kwa Kazi Gani?

Halmashauri ya jiji ikitangaza zabuni ya mtaalamu mshauri wa kuandaa mpango wa bustani za umma na njia za waenda kwa miguu na baiskeli, lawama hazichelewi. Maafisa mipango miji si wapo? Mshahara wanalipwa, ramani wanazo, jiji wanalijua mtaa kwa mtaa. Kwa nini apewe mgeni fedha ambazo zingenunua miche, mabenchi na taa? Na mgeni mwenyewe anajulikana: atapiga picha, ataitisha mikutano miwili mitatu, ataacha kitabu kinene chenye michoro ya watoto wakikimbia chini ya miti ambayo haijapandwa, halafu hataonekana tena.

Lawama hizo zina msingi wake, nami nitazifikia. Ila zimejengwa juu ya dhana kwamba mshauri anaajiriwa kuchora bustani. Kuchora ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye maswali yanayotangulia mchoro: ardhi ya umma iliyobaki ni ipi na hati zake ziko wapi, nani anaifikia bustani na nani anaiona tu kwa mbali, utunzaji utakula kiasi gani kila mwaka, na miradi ipi iachwe. Hili la mwisho ndilo linalowashinda maafisa wa ndani kuliko yote, na elimu haihusiki.

Chukua kipimo kimoja tu, kwa sababu kinanukuliwa mno na kuchunguzwa kidogo mno. Mwaka 2017 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kwamba mkazi wa mjini awe na eneo la kijani la umma, lenye ukubwa wa angalau nusu hekta hadi hekta moja, ndani ya mita 300 kutoka anapoishi. Ni kama dakika tano kwa miguu. Pendekezo zuri, rahisi kukumbuka, na pendekezo lenyewe linasema wazi kwamba mita hizo ni za mstari ulionyooka. Basi ofisi nyingi hufanya kilicho rahisi: zinachukua ramani, zinazungushia kila bustani mduara, zinahesabu watu waliomo, zinatangaza asilimia.

Lakini binadamu hatembei kwa mstari ulionyooka. Mduara wenye nusu kipenyo cha mita 300 una eneo la hekta 28 hivi. Sasa tuseme mitaa imepangwa vizuri kabisa, imesongamana na inakatana kwa pembe mraba kila upande, hakuna ukuta, hakuna mtaro. Eneo ambalo mtu anaweza kulifikia kwa kutembea mita 300 kutoka getini linashuka hadi hekta 18. Zaidi ya theluthi moja imeyeyuka, na hapo hatujaweka kikwazo hata kimoja. Weka reli. Weka barabara ya njia sita ambayo mzazi hawezi kumruhusu mtoto aivuke peke yake. Weka mto wenye daraja moja. Waliohesabiwa kuwa wana bustani wanazidi kupungua, ila asilimia iliyotangazwa inabaki palepale.

Geti nalo lina hesabu yake. Bustani ya hekta 10 yenye umbo la mraba ina upande wa takriban mita 316. Ikiwa imezungushiwa ukuta na geti ni moja, katikati ya upande wa mashariki, basi familia ambayo nyumba yake inagusana na ukuta wa magharibi, katikati, inatembea zaidi ya mita 630 kuingia. Kwenye ramani ya miduara familia hiyo iko mita sifuri kutoka kwenye bustani. Inasikia kelele za mpira, inaokota majani yanayodondokea uani, na kwa kipimo cha dakika tano haina bustani. Kufungua geti la pili ni kazi ya fundi mwashi na mlinzi mmoja. Kununua nusu hekta mpya katikati ya jiji ni mazungumzo ya miaka, fidia, na kesi mahakamani. Nakaa sana hapa kwa sababu hapa ndipo ada ya mshauri inapoweza kujilipa yenyewe, bila mti mmoja kupandwa: pale anapoonyesha kwamba mtaa uliokuwa kwenye orodha ya wanaohitaji bustani mpya unahitaji geti, kivuko au daraja la miguu.

Mkosoaji atasema hesabu hii si uchawi, afisa wa jiji anaweza kuifanya. Kweli kabisa. Programu za ramani zinazofanya kazi hiyo zipo, nyingine za bure. Lakini muulize afisa huyo siku yake inakwendaje: vibali vya ujenzi, mgogoro wa mpaka wa kiwanja, ziara ya kiongozi, ripoti ya robo mwaka. Kutembea kila njia, kuhesabu kila geti na kufukua hati za kila kiwanja cha wazi kunahitaji miezi ambayo hakuna mkuu wa idara anayempa mtu. Na hata akipewa, atafika kwenye ukurasa mgumu, ule unaosema kwamba kata ya diwani mwenye sauti kubwa tayari ina bustani za kutosha, na fedha ziende kata ambayo diwani wake hasemi. Uhamisho wake, likizo yake na bajeti ya idara yake vinapita mikononi mwa watu haohao. Mshauri anaweza kuuandika ukurasa huo, akapanda gari akaondoka.

Anaweza. Si kwamba lazima ataandika. Mshauri naye anatafuta kazi ijayo, na jiji linaloridhika humpa barua nzuri ya utambulisho. Wapo wanaonusa matakwa ya mkubwa kabla ya kufungua kompyuta. Uhuru wa mgeni ni jambo linalowezekana tu. Halmashauri isiyotaka kuambiwa ukweli itampata mshauri wa kutousema.

Wanaopinga washauri wana mfano mzito, na ni vema wautumie. Mwaka 1930 Los Angeles ilikabidhiwa mpango mkubwa wa bustani, viwanja vya michezo na fukwe, ulioandaliwa na kampuni mbili zilizokuwa na sifa kubwa Marekani, Olmsted Brothers na ile ya Harland Bartholomew. Ulipendekeza bustani zifuate mikondo ya mito, maji ya mafuriko yapate pa kutanuka na watu wapate pa kupumzika. Mpango uliwekwa kabatini. Mafuriko ya 1938 yalipoua watu, jibu likawa kuumiminia mto wa jiji zege, kazi iliyosimamiwa na wahandisi wa jeshi. Ada ililipwa, kitabu kikabaki kitabu.

Ila soma jinsi mpango ule ulivyokufa. Mchoro haukuwa na kasoro ya kuuangusha. Mpango ulidai kiundwe chombo kipya cha eneo lote, chenye mamlaka ya kukusanya fedha na kununua ardhi, na wakubwa wa biashara ambao chama chao cha wafanyabiashara ndicho kilichoanzisha kazi hiyo hawakuwa na hamu ya kuona mamlaka ya namna hiyo ikizaliwa. Mdororo wa uchumi ukamaliza. Mshauri alisema lililotakiwa kusemwa. Hakukuwa na wa kulibeba.

Weka kando yake Minneapolis, jiji jingine la Marekani. Mwaka 1883 wapiga kura waliidhinisha bodi ya bustani yenye uwezo wake wa kutoza kodi na kutwaa ardhi. Bodi hiyo haikukawia kumwajiri Horace Cleveland, mbunifu wa mandhari, ashauri. Ushauri wake mkuu ulikuwa wa haraka kuliko wa urembo: nunueni kingo za maziwa na mto sasa, kabla bei haijapanda na nyumba hazijajaa. Wakanunua. Baadaye Theodore Wirth akawa msimamizi wa bustani hizo kuanzia 1906 hadi 1935, miaka karibu 30 ya mtu mmoja aliyelipwa kuhakikisha ushauri unageuka udongo na nyasi. Mzunguko wa barabara za mandhari na njia za miguu uliotokana na kazi ile, Grand Rounds, una urefu wa takriban kilomita 80. Mshauri wa nje, chombo cha ndani chenye fedha, msimamizi asiyehama: ondoa kimoja uone kitakachobaki.

Curitiba, Brazili, inafundisha hilohilo kwa njia fupi zaidi. Mpango wa awali wa jiji, wa 1965, uliandaliwa na wataalamu kutoka São Paulo, akiwemo Jorge Wilheim. Mwaka huohuo jiji likaunda taasisi yake ya mipango miji, IPPUC, ipokee kazi na kuiendeleza. Jaime Lerner, mmoja wa vijana wa taasisi hiyo, akawa meya mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikafunguliwa bustani ya Barigui, yenye ziwa linalopokea maji ya mto unapofurika. Jiji linasifiwa ulimwenguni kwa bustani za aina hiyo, na wanaolisifu humtaja Lerner pekee. Wageni walioandika ukurasa wa kwanza wamesahauliwa. Pengine ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ubishi wa mgeni na mwenyeji wenyewe huchosha ukiangalia Central Park ya New York. Shindano la mwaka 1858 lilipata michoro 33, na ulioshinda ulikuwa wa Calvert Vaux na Frederick Law Olmsted. Vaux alikuwa msanifu majengo wa kujitegemea. Olmsted alikuwa ameajiriwa mwaka uliotangulia kusimamia vibarua palepale uwanjani. Ardhi yenyewe ilishachaguliwa na wanasiasa, na wakazi wa Seneca Village, wengi wao Wamarekani weusi wenye nyumba na makanisa yao, walishaondolewa kabla mchoro haujatundikwa ukutani. Uamuzi ulioumiza watu haukupita kwa mshauri yeyote.

Hoja ninayoiona nzito zaidi upande wa wapinzani ni ya kusikiliza. Mgeni hajui kwamba kijia kile kidogo ndicho wanachopita wanafunzi, wala kwamba bonde lile usiku halipitiki. Mikutano ya wadau mara nyingi huitishwa saa za kazi, huhudhuriwa na walewale, na maoni hubandikwa kwenye kiambatisho ambacho hakibadilishi kitu. Lakini wenyeji nao hawana kinga. High Line, bustani ya juu ya reli iliyoachwa huko New York, ilianzishwa kwa harakati za majirani wawili, Joshua David na Robert Hammond, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa 2009. Mwaka 2017 Hammond alikiri hadharani kwamba walishindwa kuwafaa majirani wao, hasa wa nyumba za umma zilizo karibu: waliwauliza watu bustani ionekaneje, badala ya kuwauliza wana shida gani. Kujua mtaa ni jambo moja, kujua la kuuliza ni jambo jingine, na hili la pili lina wataalamu wake. Wachache, nakubali.

Kuna na kasoro ambazo sina la kuzitetea. Ripoti zinazonakiliwa kutoka jiji moja hadi jingine, hadi jina la jiji la zamani linasahauliwa ukurasa wa 74. Kampuni inayopanga leo na kesho kuomba zabuni ya kujenga ilichokipanga, ambayo kwa maslahi yake haitaandika kamwe kwamba geti lingetosha. Na makadirio ya gharama yanayoishia siku ya uzinduzi. Hili la mwisho linaudhi kuliko yote, maana kila mita ya njia inayojengwa ni mita ya kufagiwa, kukatiwa nyasi na kubadilishiwa taa miaka yote ijayo, na mpango usiotaja tarakimu hiyo kwa mwaka unamwachia afisa wa ndani, yuleyule aliyedharauliwa mwanzo, aibu ya bustani iliyokauka.

Kwa hiyo zabuni itangazwe, ila hadidu za rejea, yaani masharti ya kazi, ziandikwe na mtu aliyewahi kuumia. Mshindi asiruhusiwe kuomba kazi ya usanifu wala ujenzi itakayotokana na mpango wake. Hesabu ya umbali ifanywe kwa njia watu wanazopita, kutoka geti hadi mlangoni, si kwa miduara. Kila pendekezo liwe na gharama ya utunzaji ya mwaka pembeni yake, na orodha ya miradi isiyofaa iwe sura kamili ya ripoti, na sababu zake. Takwimu zote zibaki mali ya jiji, kwenye mafaili yanayofunguka na kuharirika, maana ramani iliyofungwa kwenye picha ya kurasa ni mzigo tu. Afisa mipango mmoja aondolewe vibali na migogoro kwa muda wote wa mkataba, akae na timu hiyo kama mwenzao. Na sehemu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka afisa huyo, mshauri akiwa hayumo chumbani, asimame mbele ya madiwani, asogeze geti moja kwenye ramani, na awaonyeshe ni kaya ngapi zimeingia na ni za kata gani.