Korosho inalipa mara moja, nyumba inakula mwaka mzima

Huu ni mwaka wangu wa sita Hamburg, Ujerumani. Nikipiga simu nyumbani Newala, mkoani Mtwara, mwezi wa nane, mama hana haja ya kunieleza hali, naisikia kwenye salamu zake. Salfa, dawa ya mikorosho, imeshapigwa, mikorosho inatoa maua, ndani hamna kitu. Ndiyo miezi ya kangomba: chukua hela leo, msimu ukifika korosho zako nazichukua kwa bei yangu.

Nyumbani wengi wanaamini huku maisha ni nafuu. Si nafuu hata kidogo, kodi ya chumba inameza karibu nusu ya mshahara wangu. Kinachotuokoa ni kwamba hela inaingia kila mwezi. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Mwaka huo kila mtoto alilipiwa na serikali euro 255 kwa mwezi, baba yake awe tajiri au mfagia barabara. Kwa euro 58 ulipanda mabasi na treni za kawaida mwezi mzima, nchi nzima. Ni hela ndogo kwa bei za huku, lakini mtu anajua tarehe ngapi atalipa nini, na hakopi kwa mtu wa kumkaba.

Yaliyofanyika kwetu siyadharau. Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka korosho ghalani kwa risiti zikisubiri mnada, ilipoanza Mtwara mwaka 2007 wengi waliipinga, leo mkulima anauza mnadani. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo mpaka serikali ikaingia kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo. Oktoba 2024, minada ikiwa imehamia mfumo wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, bei ilivuka Sh 4,000. Na salfa ya ruzuku imewafikia wakulima. Nashukuru kwa yote hayo, mama yangu ameyaonja. Ila ni mageuzi ya bei. Hela bado inakuja kwa mkupuo, mwishoni mwa mwaka, ikikutana na madeni, sare za shule na ngoma za unyago. Ikifika Juni imebaki hadithi.

Dukani huku nimegeuza pakiti za korosho mara nyingi kusoma zimetoka wapi. Vietnam. Korosho yetu nyingi inapanda meli ikiwa ghafi kwenda huko na India, na kazi ya kuchemsha, kubangua, kumenya na kupanga madaraja inaondoka nayo. Hiyo ndiyo kazi yenye mshahara wa kila mwezi! Viwanda tulijengewa tangu miaka ya 1970, vingine vikaishia kuwa maghala. Shangazi yangu alibangua katika kimojawapo. Mafuta ya ganda yalimchubua vidole, lakini nyumba yake ya bati ilitoka pale.

Sasa kuna kongani ya viwanda, eneo la kuviweka pamoja, huko Maranje, Mtwara. Majengo peke yake hayatoshi. Mbanguaji wa ndani anahitaji mkopo wa riba ndogo wa kununua, ndani ya miezi ile michache ya msimu, korosho za kubangua mwaka mzima. Asipoupata, atafunga mashine Machi. Hapo ndipo ningeomba serikali iweke nguvu zake, kabla ya jambo lingine lolote.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri msimu aokote korosho. Angekuwa na kazi ya kubangua, Agosti mama asingemfungulia mlango mtu wa kangomba.