Kila Kitu Kimelipiwa, Isipokuwa Usingizi

Ndugu zangu, likizo ya "kila kitu kimelipiwa" ni kazi. Tena kazi ya zamu, haina posho, na ukiumwa hakuna wa kukushikia. Kwenye tangazo utaona baba kajilaza kwenye bembea kati ya minazi miwili, dafu mkononi. Hawakwambii kwamba bembea ni hiyo hiyo moja, wageni ni mia kadhaa, na yule baba wa kwenye picha hana watoto.

Tuseme ni Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, maana huko ndiko wengi wetu tulioko Marekani tunakoangukia. Ndege si ndefu, bei inavumilika, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaingia kwa viza yake halali ya Marekani bila kuhangaikia nyingine. Ila kabla ya ndege kuna fomu ya mtandaoni ya kuingia na kutoka nchini. Ni bure. Ukiona tovuti inadai hela, funga haraka, hao wanakula kwa jasho lako. Ukimaliza kujaza unapewa msimbo wa QR. Upige picha ukae kwenye simu. Usipofanya hivyo utaukumbuka ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji, na wenzako wote kwenye ndege wataukumbuka dakika hiyo hiyo, intaneti ya uwanja inazimia. Uwanja wenyewe, kwa taarifa yako, umeezekwa makuti. Ukienda na mama mkwe jiandae: "Nauli yote hii, mwanangu, tumekuja kuona makuti?"

Sasa hotelini. Ndege inatua saa 6 mchana, chumba kinatolewa saa 9 alasiri, kwa sababu waliolala humo jana wana haki ya kutoka saa 6 na shuka hazijifui zenyewe. Mabegi makubwa yanachukuliwa, yanafungiwa stoo, na ndani yake ndimo mlimoweka nguo za kuogelea. Watoto wanaliona bwawa, hawaruhusiki kuingia na jinzi, kilio kinaanza pale mapokezi. Nguo za kuogelea, kandambili na krimu ya jua vinakaa kwenye begi la mkononi. Na nepi za kuogelea. Hizi zina siri yake: hazizuii mkojo, zinazuia kile kingine tu. Ukimvalisha mtoto ghorofa ya nne, mpaka mfike chini lifti nzima ina habari zenu. Mvalishe pale pale ukingoni. Nayo nepi ya kawaida ikiingia majini inavimba mpaka inapasuka, jeli inatapakaa, na bwawa linafungwa huku watu wote wakikuangalia wewe.

Halafu bangili, ile alama ya mkononi kwamba umelipia. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, alipoanzisha Club Med, klabu ya likizo za namna hii, kule Alcúdia, kisiwa cha Mallorca, Hispania, watu walilala kwenye mahema. Baadaye klabu hiyo ikawa na mtindo wa kulipia vinywaji kwa shanga. Siku hizi shanga zimekwisha, unafungwa plastiki mkononi. Mtoto anapewa rangi yake ili mhudumu wa baa asimpe kitu chenye ramu. Usikubali wakubane: joto na chumvi vinavimbisha mkono, kwa hiyo iache nafasi ya kidole kimoja. Vidole viwili vikipita imekuwa kubwa, mtoto ataivua ndani ya maji, na bangili mpya huwa na bei yake.

Ukishafungwa, anakuja kijana mtanashati na glasi ya juisi, anajua jina lako, anauliza watoto wako darasa la ngapi. Huyo si mhudumu. Huyo anauza klabu ya likizo, yaani uanachama wa kulipia leo likizo za miaka ijayo. Atakupa kadi ya kukandwa mwili kwa bei ya chini, au safari ya kisiwa cha Saona kwa punguzo, mradi kesho asubuhi wewe na mama watoto mje wote wawili kwenye "kifungua kinywa cha kuwakaribisha" cha dakika 90. Wote wawili, sikia vizuri, kwa sababu mmoja akija peke yake atasema "ngoja nikaulizane na mwenzangu," na biashara imekufa. Mnalishwa mayai, mnaonyeshwa chumba cha mfano chenye beseni la maji ya mapovu barazani, mnakalishwa mezani, anaandika hesabu kwenye karatasi: mnatumia kiasi gani kwa likizo kila mwaka, zidisha kwa miaka 25, oneni hasara hiyo! Mkikataa anaitwa bosi wake, anakata bei nusu. Mkikataa tena, mnapokaribia mlango, anatokea wa tatu mwenye kifurushi kidogo "cha kujaribu" na amana italipwa leo leo. Dakika 90 zimeshakuwa saa tatu, na klabu ya watoto imefungwa kwa chakula cha mchana. Dawa yake ni fupi: "Tunaondoka kesho." Juisi kunywa, imelipiwa.

Nije kwenye vitanda vya ufukweni, hapo ndipo penye zamu yenyewe. Kibao kinasema ni marufuku kuweka nafasi. Kibao hicho kinasomwa na wewe tu. Saa 12 asubuhi, kuku wa Dominika bado wanajinyoosha, akina baba wa mataifa yote wanatembea gizani na taulo begani, hawasalimiani. Mpaka saa 1 na nusu kila mwavuli wa makuti una taulo nne, kitabu kimoja na kiatu cha mtoto, binadamu hayupo. Na taulo yenyewe unaikopa kwa kadi. Ukirudisha taulo unarudishiwa kadi, ukiondoka bila kadi unatozwa. Ndiyo maana taulo lako likichukuliwa na jirani unaweza kuona mwanaume mzima anakagua mataulo ya watu ufuko mzima.

Unapata kitanda, halafu unakiweka pasipo. Ufuko wa Bávaro, zilipo hoteli nyingi za Punta Cana, unatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo kivuli cha mwavuli kinaangukia upande wa hotelini. Unasogeza vitanda vyote vinne upande huo, unajisifu. Ikikaribia saa 6 mchana, hasa miezi ya kuanzia Mei hadi Julai, jua liko karibu utosini na kivuli kimejikunja chini ya mwavuli wenyewe. Saa 9 kimehamia upande wa baharini, nawe umelala chali upande wa hotelini unaiva. Anayejua anachukua mwavuli wa mstari wa mbele, anaanza nyuma yake, kisha baada ya chakula anavuta vitanda mbele hatua tatu. Mbele yake kuna mchanga mtupu, hakuna wa kugombana naye. Na tusidanganyane kwamba weusi hatuungui. Krimu inapakwa robo saa kabla ya kutoka, inarudiwa kila baada ya saa mbili, hata iwe imeandikwa haitoki majini.

Ukiwa umelala hapo wanakuja wauza hereni, wauza kofia na mtu wa kasuku. Usikimbilie kuita mlinzi: sheria ya 1968 inafanya mita 60 kutoka maji yanapofika yakijaa kuwa mali ya umma. Hoteli ina vitanda, ufuko ni wa wananchi. Kasuku akishatua begani kwa mtoto, picha imeshapigwa na bei inatajwa baadaye. Muulize bei kasuku akiwa bado hewani.

Na kuna jambo wakala wa safari hatakutajia kabisa: bahari ya Karibi uliyolipia siyo hii. Bávaro iko upande wa Atlantiki. Karibi yenyewe iko kusini, Bayahibe huko. Tofauti utaijua kwa pua. Kuanzia mwaka 2011, miezi ya Machi mpaka Agosti hivi, mwani wa kahawia uitwao sagasamu unaelea kwa mafungu makubwa kutoka Atlantiki ya kati, pande za Afrika Magharibi, unakuja kujitupa ufukweni. Fikiria hilo: wewe umejaza fomu, umeonyesha viza, umepigwa picha, mwani umetoka pande za Afrika bila hata barua ya mwaliko. Paje na Jambiani, kule Zanzibar, mwani ni riziki ya akina mama, unafungwa kambani, unaanikwa, unauzwa. Huu haulimwi, unaelea wenyewe, na ukikaa mchangani siku mbili tatu unaanza kuoza na kutoa gesi ya harufu ya mayai viza. Hereni za fedha zinaingia weusi. Hoteli zinaweka vizuizi majini, matrekta yanaanza kukusanya kabla hakujakucha (hayo ndiyo utakayoyasikia ukienda kuwahi kitanda), lakini upepo wa mashariki ukikaza hakuna trekta linaloshinda. Anayetaka kuogelea baharini miezi hiyo achague Bayahibe, huko mwani hupungua sana, au aende baina ya Desemba na Februari.

Chakula kipo, siwezi kusema uongo. Asubuhi kuna mangú, ndizi mbichi za kuchemsha zilizopondwa, juu vitunguu vyekundu vya siki, pembeni mayai, jibini ya kukaanga na salami. Mhaya akikaa mbele ya sahani hiyo anatulia. Wanao hawataigusa, watakula chipsi asubuhi, mchana na jioni, siku saba, kwa hela ambayo ingefungua kibanda cha chipsi Sinza.

Taabu ni chai. Wanakupa maji ya vuguvugu na kijipakiti chenye uzi. Usije ukabeba hita ya kuchovya ya nyumbani: ni ya volti 240, umeme wa kule ni 110, kwa hiyo inatoa kama moja ya tano ya nguvu yake, maji yatachemka siku ya kuondoka. Fanya hivi: beba majani na iliki iliyotwangwa, nenda kwa mtu wa mashine ya kahawa, sema "leche caliente, por favor," upewe maziwa ya moto kweli kweli, uchanganye kwenye chupa yako ya chai. Chupa hiyo hiyo ndiyo itakuokoa baa ya bwawani, ambako vikombe ni vya mafundo matatu na foleni ni ya robo saa. Na mpe mhudumu noti ya dola moja moja, usimpe sarafu za Marekani, benki za kule hazimbadilishii.

Mikahawa ya kuhudumiwa mezani inataka uandikishe siku ile ile unayofika. Ukichelewa unabakiziwa saa 3 na nusu usiku, muda ambao mtoto wa miaka mitano anaingiza pua kwenye supu akiwa usingizini. Baba lazima avae suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole. Umeruka bahari uje uvae kama unaenda kikao cha harusi.

Klabu ya watoto? Hupokea kuanzia miaka minne, asiyevaa nepi. Wa miaka mitatu mnakaa naye wenyewe au mnalipia yaya kwa saa. Kamba wa baharini, daktari, kukandwa, picha za yule kijana mwenye kamera kubwa: vyote hivyo haviko ndani ya "kila kitu."

Mwisho mtataka mamajuana, ramu na divai nyekundu na asali juu ya magome ya miti, inayosemekana inatibu kuanzia mgongo mpaka ndoa. Ikiwa kwenye begi la mkononi inachukuliwa kwenye ukaguzi, imezidi mililita 100. Mkiinunua dukani baada ya ukaguzi na mnabadili ndege Miami, kule mtachukua mabegi yenu makubwa na kuyakabidhi upya. Hapo katikati ndipo pa kuichomeka. Itajeni forodhani, magome hayo msiyafiche. Kisha fungueni begi la nguo zenye mchanga pale pale sakafuni, mama mkwe akiwa amesimama mbele kuzuia watu wasione mlivyopanga.