Mwenyekiti, Mama Mkwe na Siafu

Sisi wanachama wa chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, upande wa Isecheno katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, hatulipwi mshahara. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inavitambua vyama kama chetu, na mwanachama aliyelipia kibali huruhusiwa kuokota kuni zilizokauka. Viatu vya doria, hata hivyo, kila mtu hujinunulia.

Asubuhi moja mimi na mwenyekiti tulisikia matawi yakivunjwa, naye akaninong'oneza kwamba leo tumempata mchoma makaa. Akatangulia kwa kunyata, kifua mbele, akafunua majani, akamwona mama mkwe wake.

Kwetu Waluhya, mkwe hamshiki mama mkwe mkono wala hamkaribii, na wakikutana njiani ghafla sharti mmoja apishe. Mwenyekiti alipisha kwa kujitupa kichakani, vitambulisho vyetu vyote viwili vikiwa mfukoni mwake.

Mama alitua mzigo wake, akafungua fundo la leso, akanionyesha risiti ya kibali cha mwezi huo, kisha akaniomba na mimi nijitambulishe.

"Kitambulisho anacho mwenzangu, Mama."

"Naye mwenzako yuko wapi, mwanangu?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima kichaka kiliponisaidia. Siafu wa Kakamega, kwa wasiowajua, hupanda mwilini kimyakimya na mtu hushtukia wamekwisha kufika pabaya. Kichaka kilikohoa, kikatikisika, kikatamka neno la Kiluhya ambalo siwezi kuliandika hapa. Kisha suruali ikaruka nje, na mwenyekiti akaifuata, akielekea hasa kule alikokuwa akikukimbia.

Mama alijifunika uso kwa leso na kuugeukia mti. "Sauti hiyo naijua," alisema kwa utulivu, "lakini sijaisikia. Mwambie huyo mtu wenu siafu hawapanguswi, hung'olewa mmoja mmoja."

Niliwang'oa, kwa kuwa majukumu ya kujitolea hayana mipaka, huku mwenyekiti akinisihi nimkinge asionekane.

Wazee wa ukoo waliamua atoe mbuzi wa kurudisha heshima. Wiki iliyofuata aliniletea mimi, mweka hazina, dai lililoandikwa vizuri: "Mbuzi mmoja, gharama za doria." Nimemjibu kwamba hesabu zetu hudai risiti, na kwamba akitaka kufundishwa namna ya kuitunza, mwalimu yumo katika ukoo wa mkewe.